Sura ya Sita: Naitrojeni Nzito ya Mto Athi

Malili ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka mji mkuu, katika nyanda kavu ambako nyasi ni nyingi kuliko miti. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilinunua hapo ekari 5,000 za Ranchi ya Malili, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua ujenzi wa Konza, mji mpya wa teknolojia. Mji unahitaji maji. Malili haina mto wa kudumu, na visima virefu vya Ukambani mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Waliopanga mji huo wakatazama mashariki, pale Mto Thwake unapoingia katika Athi kwenye mpaka wa kaunti za Makueni na Kitui. Tangu 2018 pamekuwa pakijengwa bwawa lenye ukuta wa mita 80 hivi, kwa fedha za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Limekusudiwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Maji hayo yamepangiwa kaya za Makueni na Kitui, mashamba, mitambo ya umeme, na Konza.

Athi haianzii Ukambani. Vijito vyake vya juu hutoka upande wa Ngong na Kikuyu, vikapita Nairobi na kandokando yake kwa majina ya Mbagathi, Ngong, Nairobi na Mathare. Njiani hupokea maji taka ya mitaa isiyo na mabomba, mafuta ya gereji, uchafu wa viwanda, na yale yanayotoka kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka ya Ruai. Mto ukishateremka maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, hugeukia kusini-mashariki, ukashika mpaka wa Makueni na Kitui, ukapokea Thwake na kuendelea hadi Tsavo. Huko huitwa Galana, mbele zaidi Sabaki, na humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi.

Wakazi wa chini ya mto wamelalamika kwa miaka mingi: rangi, harufu, povu linalosukumwa na mvua za kwanza. Ujenzi wa Thwake ulipoanza, lalamiko hilo likawa zito zaidi, kwa sababu maji ambayo zamani yalipita njia yake kwenda baharini sasa yatazuiwa yakae. Lakini lawama ya maji machafu ina mlango wa nyuma ambao mchafuzi hutorokea. Mkulima wa Machakos naye hutia mbolea shambani. Ng'ombe hunywa mtoni na kuacha samadi. Miji midogo ya njiani ina vyoo vya shimo. Maabara ya kawaida ikipima lita moja ya maji na kukuta naitrojeni nyingi, itasema ni nyingi. Haitasema imetoka kwa nani.

Swali hilo la pili ndilo linalohitaji isotopu.

Kila atomi ya naitrojeni ina protoni saba. Bila hizo saba si naitrojeni. Nyingi zina nyutroni saba pia, jumla 14. Lakini atomi nne hivi katika kila elfu moja zina nyutroni nane, jumla 15. Hizi mbili ni isotopu za elementi moja: zinaungana na vitu vilevile, zinaingia kwenye jani lilelile, hazina rangi wala harufu tofauti, na ile nzito haina mionzi yoyote. Tofauti yao ni uzito tu. Ili kuzitenganisha, mwanasayansi huchoma sampuli iwe gesi, huipa chaji ya umeme, kisha huirusha kwa kasi kupitia uga wa sumaku. Sumaku hupinda njia ya atomi nyepesi zaidi kuliko njia ya zile nzito, kama vile bodaboda na lori la saruji vikiingia kona moja ya Barabara ya Mombasa: lori hutupwa nje zaidi. Mwisho wa njia pana vihesabuji viwili, kimoja cha nyepesi na kingine cha nzito, na uwiano wa hesabu hizo ndio jibu.

Mashine hiyo huitwa spektromita ya masi. Ilipata nguvu yake ya kisasa mikononi mwa Alfred Nier wa Minnesota, Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, na tangu hapo imekuwa chombo cha jiolojia, cha akiolojia, na cha upelelezi wa uchafuzi. Kwa naitrojeni, uwiano wa sampuli hulinganishwa na ule wa hewa, kwa sababu naitrojeni ya hewa ni ileile Kitui, Kampala na Tokyo. Sampuli ikiwa na uwiano uliozidi ule wa hewa kwa asilimia moja, huandikwa +10 kwa elfu. Ikiwa sawa na hewa, huandikwa sifuri.

Hapa ndipo mkulima anapojitenga na choo. Mbolea za dukani kama CAN na urea hutengenezwa kiwandani kwa naitrojeni iliyovutwa hewani, kwa hiyo uwiano wake hukaa karibu na sifuri. Kinyesi na mkojo vina historia nyingine. Vikikaa, sehemu ya naitrojeni yake hupaa kama amonia, ile inayochoma pua chooni na zizini, na atomi nyepesi ndizo hutangulia kupaa. Bakteria nao hula nyepesi kwanza kwa sababu vifungo vyake hukatika kwa nguvu ndogo. Kinachobaki ni kizito zaidi kuliko kilichoanza. Nitrati iliyotokana na maji taka au samadi kwa kawaida hupatikana kati ya +10 na +20.

Kabla ya kurudi kwenye maji, ni vema kutazama ukuta wa mawe unaofuatana na mto, kwa sababu sayansi hii ilijifunza kusema kweli kupitia mawe.

Anayesimama Kibwezi akiangalia mashariki, ng'ambo ya Athi, huona mgongo mrefu wa ardhi uliosawazika juu, unaokwenda mpaka macho yachoke. Huo ni Uwanda wa Yatta. Una urefu wa kilomita 300 hivi na ni mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya lava inayojulikana nchi kavu duniani. Lava yake ni aina ya fonolaiti, na ilitoka upande ambao leo ni ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Haikumwagika ovyo. Ilifuata bonde la mto wa kale, ikalijaza, ikaganda. Baadaye miamba ya pembeni ilimomonyoka upesi kuliko lava, hadi sakafu ya bonde ikabaki juu na kingo zake zikashuka chini. Athi ya leo inapita kwenye miguu ya mgongo huo upande wa magharibi, na Tiva ya Kitui upande wa mashariki; mto wa zamani umelala juu yao, umefunikwa na jiwe.

Umri wa lava hiyo unajulikana kwa uwiano wa isotopu. Fonolaiti ina fuwele zenye potasiamu nyingi, na sehemu ndogo sana ya potasiamu ni potasiamu 40, ambayo ina mionzi. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25, na takriban atomi moja kati ya kumi zinazobadilika huwa gesi ya agoni 40. Lava ikiwa ya moto na majimaji, agoni hutoroka. Ikiganda, gesi inayozaliwa ndani ya fuwele hunaswa humo, na saa huanza kuhesabu kutoka sifuri. Katika njia inayotumika sana leo, fuwele hizo huwekwa kwanza katika tanuri la nyuklia ili sehemu ya potasiamu yake ya kawaida igeuke agoni 39. Hapo mzazi na mtoto wote huwa agoni, na mashine moja huwapima kwa pamoja katika gesi ileile.

Jibu la Yatta ni miaka milioni 13.5. Mwaka 2010 Henry Wichura wa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, pamoja na wenzake waliutumia umri huo kujibu swali lililosumbua wanajiolojia kwa muda mrefu: uwanda wa juu wa Afrika Mashariki uliinuka lini? Walikokotoa unato wa lava, jinsi ilivyopoa ikitembea, na umbo la mgongo uliobaki. Ili ifike mbali hivyo kabla ya kuganda, mteremko ulipaswa kuwa angalau nyuzi 0.2, na hiyo inaweka chanzo chake katika mwinuko usiopungua mita 1,400. Kwa hiyo nyanda za juu za Kenya zilikuwa tayari juu miaka milioni 13.5 iliyopita. Jiwe ambalo wachungaji wa Kitui hulikwea kila siku ndilo lililoshikilia habari hiyo.

Saa ya agoni ina historia ndefu Afrika Mashariki. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakishirikiana na Louis Leakey, walitangaza kwamba tabaka la Olduvai, Tanzania, lililotoa fuvu la kiumbe wa kale aitwaye Zinjanthropus lina miaka milioni 1.75, karibu mara mbili au tatu ya ilivyodhaniwa na wengi. Lakini ni Turkana iliyotoa fundisho kubwa zaidi. Mwaka 1970 majivu ya volkano ya Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, yaitwayo KBS yalipewa umri wa miaka milioni 2.6. Mabishano yakadumu muongo mzima, hadi vipimo vipya vilipoishusha namba hiyo hadi karibu milioni 1.9. Katika majivu yaliyosombwa na maji, fuwele kongwe kutoka miamba mingine huweza kuchanganyika na fuwele changa za mlipuko wenyewe. Gesi ikapimwa vizuri, na umri ukawa wa mchanganyiko. Uwiano wa isotopu ni namba. Maana yake hutegemea kujua sampuli ilipitia nini kabla ya kufika maabara. Jambo hilo litajitokeza tena Athi, kwa ukali zaidi.

Maji yenyewe pia yana isotopu. Oksijeni ipo ya 16 na ya 18, hidrojeni ipo ya 1 na ya 2. Jua likikausha bwawa, molekuli nyepesi hupaa kwanza na maji yanayobaki huwa mazito. Tangu 1961 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na lile la Hali ya Hewa Duniani yamekuwa yakikusanya mvua ya kila mwezi katika vituo vingi, Entebbe na Dar es Salaam vikiwemo, ili pawe na msingi wa kulinganisha. Matokeo yake yalionekana mapema katika Ziwa Chala, kreta iliyogawanywa na mpaka wa Kenya na Tanzania chini ya Kilimanjaro. Watu waliamini kwamba chemchemi za chini yake zinalishwa na ziwa. B. R. Payne alipochapisha vipimo vyake mwaka 1970, chemchemi hizo hazikuwa na alama ya mvukizo ambayo maji ya ziwa yangeileta. Mchango wa ziwa, kama upo, ni mdogo. Ziwa Naivasha likatoa jibu la kinyume: visima na mvuke wa upande wa kusini, kuelekea Olkaria na Longonot, vina maji yenye alama ya mvukizo wa ziwa. Ziwa lisilo na mto unaotoka linavuja chini kwa chini, na ndiyo sababu halijawa la chumvi.

Kwa Kitui na Makueni, kipimo hiki kina kazi mbili za karibu. Moja ni ya visima vya chumvi: kama chumvi ni nyingi na oksijeni 18 nayo imepanda, maji yalikaushwa na jua kabla ya kuzama; kama chumvi ni nyingi lakini oksijeni haikubadilika, chumvi imeyeyushwa kutoka kwenye miamba. Anayechimba kisima kingine angefaidika kujua ni ipi. Kazi ya pili inahusu mabwawa ya mchanga, ambayo jamii za Kitui, Machakos na Makueni zimejenga kwa mamia kwenye mito ya msimu. Ukuta huzuia mchanga, na maji hukaa kati ya chembe zake, mbali na mkono wa jua. Uwiano wa oksijeni huonyesha ni maji kiasi gani yaliyookolewa yasipotee kwa mvukizo, ukilinganishwa na silanga ya wazi iliyo jirani.

Sasa Athi yenyewe.

Kati ya Agosti 2011 na Mei 2012, timu ya watafiti wa Ubelgiji na Kenya, wakiwemo Trent Marwick na Steven Bouillon wa Chuo Kikuu cha Leuven na Mkenya Fredrick Tamooh, ilichukua sampuli kuanzia vijito vya juu hadi karibu na bahari, katika beseni la mto lenye kilomita za mraba 47,000 hivi. Walikwenda mara tatu: wakati wa kiangazi, wakati wa mvua za vuli na wakati wa masika. Matokeo kuhusu naitrojeni yalichapishwa 2014 katika jarida la Biogeosciences, na yanastahili kusomwa na kila diwani ambaye kata yake inagusa mto huo.

Chini kidogo ya Nairobi hali ilikuwa mbaya kwa kila kigezo. Oksijeni iliyoyeyuka ilikuwa asilimia 36 hadi 67 tu ya kiwango ambacho maji yangeweza kushika. Methani, gesi ya tope linalooza, ilikuwa nyingi mno. Naitrojeni iliyoyeyuka katika kituo cha juu kabisa cha Athi ilifika mikromoli 1,195 kwa lita wakati wa kiangazi, sawa na miligramu karibu 17, na sehemu kubwa yake ilikuwa amonia ambayo haijaguswa bado na bakteria. Wakati wa mvua ilishuka hadi mikromoli 212 na 193. Mvua haikuondoa uchafu. Iliuchanganya na maji mengi zaidi na kuusukuma upesi kuelekea pwani.

Kisha watafiti walipima naitrojeni 15 katika chembe zinazoelea majini, yaani mwani, bakteria na mabaki yao. Wakati wa mvua za vuli wastani ulikuwa +7.3 kwa elfu, na wakati wa masika +7.6. Wakati wa kiangazi uliruka hadi +16.5, na sampuli moja ilifika +31.5.

Msomaji wa haraka atasema kwamba penye +31.5 ndipo palipo na choo kingi zaidi. Hapo ndipo fundisho la Koobi Fora linaporudi. Maji taka yenyewe hayafikii uzito huo. Ili naitrojeni iwe nzito kiasi hicho, lazima iwe imepita matumboni mwa bakteria tena na tena. Wakati wa kiangazi mto huenda polepole, na siku zinazopita kati ya Nairobi na Tsavo ni nyingi. Bakteria wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitrati, na njiani huachia naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto. Wengine walioko ndani ya tope lisilo na hewa huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani. Kila hatua huchukua nyepesi na kuacha nzito. Kwa hiyo namba kubwa inaashiria maji ambayo naitrojeni yake nyingi imekwisha kuondolewa, na kilichobaki kina alama ya kazi hiyo. Mto ulikuwa unajisafisha, kwa gharama ya hewa, na hapo chini viwango vya nitrati vilishuka hadi kulingana na mito mingine ya Afrika isiyochafuliwa sana.

Lakini ingekuwa vigumu kwa mto kufika +16.5 kwa wastani kama chanzo kikuu kingekuwa mbolea ya dukani. Ukichanganya wingi wa amonia chini ya Nairobi, jinsi inavyopungua hatua kwa hatua, na jinsi uzito unavyopanda sambamba, mwelekeo ni mmoja: chanzo kinachotawala ni maji taka yasiyosafishwa. Watafiti wenyewe walifikia hitimisho hilo. Lalamiko la mwanamke anayechota maji Athi upande wa Kitui limepata shahidi ambaye hawezi kuambiwa kwamba amechukia Nairobi bure.

Shahidi huyo anaweza kuongezewa mwenzake. Nitrati ina oksijeni pia, na bakteria wanapoila hubadilisha uwiano wa oksijeni 18 sambamba na ule wa naitrojeni 15. Ukipima vyote viwili, unaweza kutofautisha naitrojeni iliyokuwa nzito tangu chanzo na ile iliyofanywa nzito njiani. Njia hiyo imetumika katika visima vya Kisumu na nyanda za Kano, na katika mito ya Nyando, Nzoia na Sondu Miriu inayoingia Ziwa Viktoria. Katika visima vya Kisumu lawama iliangukia vyoo na samadi zaidi kuliko mbolea ya mashambani.

Kuna jambo ambalo naitrojeni haitasema kamwe, nalo ndilo linaloogopesha wengi: metali. Betri za magari, rangi na viwanda huacha madini ya risasi kwenye tope. Risasi nayo ina isotopu zake. Tatu kati yake, yaani 206, 207 na 208, huzaliwa polepole kutokana na urani na thoriamu, kwa hiyo kila machimbo yana uwiano wake kulingana na umri na mwamba. Risasi ya Broken Hill, Australia, ina uwiano wa 206 kwa 207 wa karibu 1.04, ile ya bonde la Mississippi, Marekani, huzidi 1.28. Clair Patterson, aliyetumia isotopu hizohizo mwaka 1956 kupima umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.55, alikuta risasi ya viwanda kila alikotazama, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigania petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zikaiacha. Risasi iliyotoka kwenye mabomba ya moshi kabla ya hapo ingali ardhini kando ya barabara. Tope la Athi likipimwa, risasi ya miamba ya kale ya Ukambani ingeweza kutenganishwa na ile iliyoletwa melini kutoka mbali, na huenda hata petroli ya zamani ikatengwa na betri za leo, ikiwa uwiano wa vyanzo hivyo umepimwa pia. Hakuna sababu ya kusubiri hadi bwawa lijae ndipo kazi hiyo ifanywe.

Athi ina daftari lake la zamani, nalo liko Malindi. Matumbawe hujenga mifupa yao tabaka kwa tabaka kila mwaka. Julia Cole na wenzake walitumia oksijeni ya tumbawe moja la Malindi kusoma joto la bahari kwa karibu miaka 200, na mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha habari za tumbawe la miaka 300. Hawa wa pili walipima bariamu dhidi ya kalisi, ambayo si isotopu ila ni uwiano wa jamaa yake: udongo unaobebwa na Sabaki huleta bariamu baharini. Kati ya 1700 na 1900 udongo ulikuwa wa kiasi kilekile. Baada ya 1900 ukapanda bila kukoma, na ukafika kilele kati ya 1974 na 1980, miaka iliyofuata ukame mkali, wakati idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka na misitu ikikatwa. Sehemu ya udongo huo ilikuwa vilima vya Machakos ya zamani, wilaya ambayo Makueni ilimegwa kutoka kwake mwaka 1992. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza mwaka 1994 jinsi wakulima wa huko walivyochimba matuta na kurudisha ardhi yao. Tumbawe na matuta hayapingani. Yanaonyesha kwanza hasara, kisha kazi iliyofanywa kuizuia. Timu ya Athi ilipendekeza naitrojeni 15 isomwe vilevile katika matumbawe, makombe na tope la pwani, ili ijulikane jinsi mabadiliko ya matumizi ya ardhi yalivyogeuza naitrojeni ya mto huo zamani.

Bwawa la Thwake litabadilisha yote haya. Maji yatakaa muda mrefu, na mwendo wa polepole uliokuwa wa kiangazi tu utakuwa wa mwaka mzima. Bakteria watapata nafasi ya kuondoa naitrojeni, na hilo ni jema. Lakini watafiti waliona pia mwani wa kijani-buluu ukichanua kwa wingi chini ya mto wakati wa kiangazi, na maji yaliyotulia, yenye jua na virutubisho, ndiyo makao yake. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu inayodhuru ini la mtu na la mnyama. Mtambo wa kusafisha maji ya kunywa unaweza kujengwa kwa kuyazingatia hayo, mradi ijulikane mapema kinachokuja na kwa kiasi gani.

Eneo lenyewe limetoa msaada usiopatikana kila mahali. Mito miwili hukutana palepale. Athi imepita Nairobi, Thwake haikupita. Tuseme Athi inafika na naitrojeni ya +12, Thwake inafika na ya +4, na chini ya makutano inapimwa +10: robo tatu ya naitrojeni hiyo imekuja na Athi. Namba hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ni hiyohiyo. Inahitaji sampuli za kila mwezi kutoka Mbagathi juu ya jiji, chini ya Ruai, Fourteen Falls, na katika mito yote miwili kabla haijaingia bwawani, kwa misimu yote mitatu. Kwa kila sampuli lita moja ya maji hupitishwa katika kichujio cha nyuzi za kioo, kichujio hukaushwa, hufungwa katika karatasi ya alumini, na hudumu bila barafu hadi kifike maabara. Kazi hiyo maafisa wa maji wa Makueni na Kitui wanaweza kuifanya wenyewe, na matokeo yakabandikwa katika miji ya Wote na Kitui, na Malili, mahali pa wazi ambapo watakaokunywa maji hayo wanaweza kuyasoma.